Mama Pasi na Krimu za Mdogo Mtu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini lilikwisha kazi siku ile alipoanza kusimama nyuma ya meza ya kupigia pasi katika duka la dobi. Wateja walimwita Mama Pasi, tajiri wake akamwita Mama Pasi, na mwishowe hata mumewe, akiwa na furaha au akitaka kuongezewa chai, akamwita hivyo hivyo. Mwenyewe hakulikataa. Kwanza hakuwa mtu wa kukataa vitu. Ukimpa kiti kibovu atakaa, ukimwongezea chakula atakula, na ukimwomba akupigie pasi shati moja la haraka wakati ameshavaa viatu vya kurudi nyumbani, atavua viatu.

Duka lenyewe lilikuwa na vyumba viwili. Mbele palikuwa na kaunta, kengele ya kubonyeza, na chuma kirefu zilipotundikwa nguo zilizokuwa tayari, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nyuma ndiko kulikokuwa na kazi: mashine za kufulia zilizotetemeka kama zina homa, beseni kubwa la kulowekea, na meza ya pasi. Pasi ilikuwa ya mvuke, nzito, yenye bomba lililotoka kwenye mtungi wa maji yanayochemka. Akiibonyeza, ilipumua fuu! na wingu jeupe likamfunika Mama Pasi mpaka mabegani. Likitawanyika, unamwona ameinama juu ya kola ya mtu kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi hiyo aliifanya miaka mingi na aliipenda. Alipenda kuona shati lililoletwa limekunjamana kama karatasi ya kufungia karanga likiondoka limenyooka, lina heshima. Mistari ya suruali alizozinyoosha yeye, alisema mfuaji mwenzake, ungeweza kukatia nyanya. Mfuaji huyo alikuwa mwanamume mwenye kipara na maneno mengi, na kwa kuwa kutwa mikono yake ilikuwa ndani ya sabuni, walimwita Povu.

Sasa, Mama Pasi alikuwa na mdogo wake wa kike, mmoja tu, tumbo moja. Mama yao alikuwa mtu wa vibarua, anatoka nyumbani jua halijachomoza, kwa hiyo dada mtu, angali msichana, ndiye aliyemwogesha mdogo wake, akamvisha na kumpaka mafuta. Nyumba nzima ilikuwa na kopo moja la mafuta mazito, na sheria ilikuwa hiyo hiyo moja: usitoke nje umepauka, watu wakadhani huna mwenyewe. Mdogo mtu alikuwa na ngozi inayokunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Umpake asubuhi, mchana magoti yameshakuwa meupe. Basi dada mtu alimpaka kwa mkono mzito, akamsugua mashavu mpaka mtoto akalalamika, na kile kilichobaki viganjani ndicho alichojipangusia mwenyewe usoni. Kilikuwa kidogo tu, na pengine ndicho kilichomwokoa miaka yote hiyo.

Wakakua, kila mmoja akaolewa kwake. Yule mtoto wa magoti meupe akawa mwanamke wa mjini hasa, akafungua duka la vipodozi kwenye kona ya barabara yenye taa, na kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake, watu wakamwita Bi Marashi. Alikuwa mfanyabiashara mwenye msimamo. Krimu za kujichubua hakuziweka kwenye rafu zake hata moja, na aliyeziulizia alisomewa hotuba mpaka akaondoka kimyakimya. Lakini zaidi ya biashara, alikuwa na moyo wa kupenda kupindukia, na aliyependwa kuliko wote alikuwa dada yake.

Duka halijapata hata mwezi, Bi Marashi aliingia kwa dobi mchana, akapita kaunta bila kubonyeza kengele, akaenda moja kwa moja nyuma.

"Dada, fumba macho."

"Nifumbe macho nimeshika pasi? Unataka tuungue wote?"

"Basi weka chini, halafu fumba."

Mama Pasi akatii. Alipofumbua, mkononi mwake palikuwa na kopo zito lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, linanukia waridi.

"Hii ndiyo ninayotumia mimi mwenyewe," alisema Bi Marashi. "Asubuhi na usiku. Angalia uso huu." Akaugeuza kushoto na kulia. Kweli uso ulikuwa laini, umetulia, kama wa mtu aliyelala vizuri. "Wewe ulinipaka mimi miaka yote. Sasa zamu yangu."

Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Mama Pasi alimkumbatia, akajikausha macho kwa ncha ya kanga, na usiku huo akajipaka ile krimu kwa mkono mzito, vile vile alivyokuwa akimpaka mwenziwe zamani.

Siku za mwanzo aliona raha. Aling'aa. Lakini ukiingia na krimu nzito ndani ya mvuke wa pasi, mambo hubadilika. Kufika saa nne asubuhi uso wake ulikuwa unateleza. Jasho, mvuke na mafuta vilichanganyika vikateremka mpaka kidevuni, na ilimbidi ajipanguse kwa mkono wa nguo kila mara asije akadondoshea doa shati la mteja. Wiki ya pili kikatokea kipele kimoja kwenye paji la uso. Wiki ya tatu kipele hicho kilikuwa kimeshaita ukoo mzima: puani, kidevuni, kati ya nyusi.

"Mama Pasi," Povu alimwambia huku akikamua shuka, "naona umerudi ujanani. Bado kutongozwa tu."

"Kamua shuka lako."

"Nakamua. Lakini mke wangu dawa yake ni ndimu na magadi. Unachanganya, unasugua, unakaa nayo. Hakuna chunusi itakayobaki kusimulia."

Mama Pasi alicheka, lakini maneno yalimkaa. Jioni hiyo hiyo mdogo mtu alipita nyumbani kwake kumjulia hali, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha na kusikitika.

"Ah, dada! Unaibania krimu. Unapaka kidogo kidogo kama unaweka akiba. Usiionee huruma, nitakuletea nyingine." Na kweli, kesho yake kopo la pili lilifika, pamoja na la tatu lenye chembechembe za kusugulia.

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na nafasi ya kusema, mdomo alikuwa nao, na aliyeambiwa angekuwa mdogo wake mwenyewe. Lakini kila alipotaka kuanza, alimwona yule mtoto akishangilia kumpa kitu dada yake, na neno likarudi tumboni. "Ahsante, mdogo wangu," akasema. Akasugua kwa chembechembe, akapaka krimu juu yake, na asubuhi akaamka na uso unaowaka.

Maji yalipomfika shingoni, alifanya kosa ambalo wengi hulifanya: dawa ya mkosi mmoja akaitafuta kwenye mkosi mwingine. Alikumbuka ndimu na magadi ya mke wa Povu. Akachanganya kabla ya kwenda kazini, akasugua, akavumilia mwasho akidhani ndiyo kufanya kazi kwenyewe, akasuuza na kuondoka. Jua la njiani lilimchoma kwa namna asiyoijua. Alipofika na kubonyeza pasi kwa mara ya kwanza, wingu la mvuke likamfunika, Povu alisikia ukelele akaacha kila kitu. Alimkuta Mama Pasi ameinama kwenye beseni lake la kusuuzia, uso ndani ya maji.

"Ni ile ndimu yenu!" alisema alipoinua kichwa.

Povu alimtazama mashavu, akakosa utani. "Pole dada yangu," akasema. "Kumbe mke wangu ana ngozi ya kifaru."

Tajiri, ambaye alikuwa mwema kwa kiasi cha tajiri, alimhamishia kaunta kwa siku chache ili akae mbali na mvuke. Ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Nyuma aliangaliwa na Povu peke yake. Mbele aliangaliwa na mtaa mzima, na kila aliyekuja kuchukua koti lake aliacha ushauri. Huyu asali, yule dawa ya meno, mwingine akasema ni husuda. Mama Pasi alijifunga kitambaa mpaka chini ya macho, akawajibu wote "ahsante, nitajaribu," na moyoni akaapa kwamba hatajaribu tena kitu chochote mpaka siku ya kufa. Akaacha vyote. Akawa anaosha uso kwa kile alichokikuta bafuni, mara nyingi kipande cha sabuni ya kufulia, basi. Makopo yakabaki yamepangwa juu ya kabati, na krimu bado imejaa.

Mumewe alikuwa mhudumu mkuu katika hoteli, mtu wa kuvaa shati jeupe na viatu vyeusi vinavyopaswa kung'aa kuliko vya wageni. Asubuhi moja dawa ya viatu ilimwishia. Alizunguka chumba mara mbili, akainua macho juu ya kabati, akashusha kopo moja, akachota kwa kidole.

"Wewe! Hiyo ya uso!" Mama Pasi akamkemea.

"Uso gani unaoipaka?"

Mume akapaka, akapiga brashi, na viatu vikatoa mng'ao ambao havikuwahi kuutoa hata siku vilipokuwa dukani. Jioni alirudi akicheka peke yake kuanzia mlangoni: meneja amevisifu viatu vyake mbele ya wahudumu wote na kumtaka awafundishe wenzake anavyofanya.

"Nimewaambia ni siri ya nyumbani," alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo krimu ya waridi ikawa ya viatu. Mama Pasi aliona vibaya kidogo, lakini ilikuwa afadhali kuliko kuitupa.

Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya mnyamavu haiizidi kwa mbali. Siku ya mapumziko, Bi Marashi alikuja bila kupiga simu, amebeba matunda. Mlango ulikuwa wazi. Akamkuta shemeji yake amekaa kwenye kigoda, kiatu kimoja amekivaa mkono wa kushoto, brashi iko mkono wa kulia, na kati ya miguu yake lipo kopo lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu.

Alisimama. "Shemeji," akasema taratibu, "hiyo si dawa ya viatu."

Mumewe Mama Pasi alikuwa mkweli, lakini hakujua ukweli unaishia wapi. "Najua, shemeji," alijibu. "Ila inaishinda ya viatu kwa mbali."

Mama Pasi alitoka jikoni na mwiko mkononi, kitambaa chake usoni, akawaona walivyo, akajua kwisha.

"Nilidhani unaipaka," alisema mdogo mtu.

"Niliipaka."

"Mpaka lini?"

Bi Marashi aliweka matunda mezani kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehofia kuvunja kitu. "Haya," akasema. Akatoka. Aliyemfuata nje hakuwa Mama Pasi bali mumewe, kiatu bado mkononi, akiita, "Shemeji! Shemeji, chai je?" lakini hakugeuka.

Mama Pasi hakula vizuri siku hiyo. Alipiga simu, haikupokewa. Alipiga tena, ikakatwa. Mumewe alijaribu kumfariji kwamba krimu ni krimu tu, naye akamjibu kwa ukali usio wa kawaida yake kwamba haikuwa krimu. Ilikuwa shukrani, na wao walikuwa wameipigia brashi.

Kesho yake alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda mpaka kwenye kona yenye taa. Duka la mdogo wake lilikuwa jembamba na refu, rafu mpaka darini, vioo kila upande, kiasi kwamba ukiingia unajiona umekuja na ndugu zako wote. Bi Marashi alikuwa anamfungia mteja manukato. Alimwona dada yake kwenye kioo, akaendelea kufunga. Mteja alipoondoka, akageuka na tabasamu la biashara.

"Karibu, mteja. Nikusaidie nini?"

Mama Pasi akalipokea pigo. "Natafuta kitu cha uso."

"Uso una tatizo gani?"

"Una mdogo wake anayeupenda kupita kiasi."

Mdomo wa Bi Marashi ulicheza, lakini hakucheka. Ndipo Mama Pasi akafungua kitambaa. Taa za dukani ni taa zisizosamehe. Zilionyesha chunusi za paji la uso na kidevu, na zilionyesha mashavu yalivyochunika, mekundu pembeni, magamba katikati. Bi Marashi alikuwa hajauona uso ule bila kitambaa tangu siku ile ya dirishani. Alizunguka kaunta mbio.

"Dada! Nani amekufanyia hivi?"

"Nusu wewe, nusu mke wa Povu. Na sehemu kubwa mimi mwenyewe, maana nilikuwa nakuambia ahsante wakati naungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ulivyokuwa umefurahi."

Bi Marashi akaketi kwenye kigoda cha wateja, akalia kidogo, kilio cha mtu aliyeona aibu kuliko huzuni. "Mimi nikakuongezea kopo," akasema. "Na la kusugulia juu yake." Kisha akafuta pua, akatazama rafu zake. "Unajua wapo wateja niliowapa ile ile, nikawaapia, na hawakurudi? Nikawa nasema wana wivu. Kumbe nao wanapigia viatu."

Hapo wakacheka wote wawili, na aliyeingia wakati huo kununua kitana alidhani ameingia kwenye sherehe.

Walikubaliana kwenda kwa daktari wa ngozi pamoja. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imemteremka puani, asiyependa maneno marefu. Alimsikiliza Mama Pasi mpaka mwisho: krimu, chembechembe, ndimu, magadi, sabuni ya kufulia. Kila kilipotajwa kimoja alifumba macho kidogo kama mtu anayechomwa na jino bovu. Mashavu aliyaandikia mafuta ya kutuliza, akaamuru mengine yote yakome mpaka ngozi ipone. "Mkirudi," alisema, "njooni bila kupaka kitu chochote. Wote wawili."

"Mimi sina tatizo, daktari," alisema Bi Marashi.

"Ndiyo maana nakutaka."

Waliporudi, mashavu yalikuwa yameshatulia. Daktari aliwapa sabuni laini ya maji isiyo na harufu, wakaosha nyuso zao, wakajikausha kwa kugusagusa na taulo, si kwa kusugua. "Sasa nendeni mkakae pale kwenye benchi kama saa hivi. Msipake kitu. Msijishikeshike. Angalianeni tu."

Basi wakakaa. Ilikuwa miaka mingi tangu waketi hivyo, uso kwa uso, bila poda, bila wanja, bila kitambaa. Bi Marashi aliona mistari midogo chini ya macho ya dada yake na hakuisema. Mama Pasi aliona kovu dogo kwenye unyusi wa mdogo wake, la siku alipoanguka mlangoni, akasema, "Nilikuwa nimelisahau hilo."

"Mimi sijalisahau. Ulinichapa kwanza, ndipo ukanibembeleza."

Wakazungumza habari za mama yao, na za kitanda walicholala wote wawili, na jinsi Bi Marashi alivyokuwa akipiga mateke usingizini. Lakini kabla saa haijaisha Bi Marashi alianza kuhangaika. Uso ulikuwa unamvuta kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Alikunja pua, akapanua mdomo, akakunja tena. Pembeni mwa midomo palishaanza kupauka.

"Nipe krimu yangu, dada, nakufa."

"Daktari amesema usiguse."

Uso wa Mama Pasi ulikuwa na mambo yake. Paji la uso, pua na kidevu vilishaanza kung'aa, unaweza kujitazamia. Lakini mashavu, ajabu, yalikuwa makavu, yanavuta kidogo, kama vile ni ya mtu mwingine aliyeazimwa.

Daktari aliwatazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu," akamwonyesha Bi Marashi, "ngozi yake kavu, kote. Krimu nzito kwake ni chakula. Huyu ngozi yake ni mchanganyiko. Katikati ina mafuta yake yenyewe ya kutosha, pembeni haina. Ukimpaka krimu nzito uso mzima, unaziba vitundu pale katikati. Ukimsugua kwa ndimu, unaunguza pembeni. Tumbo moja, ngozi mbili."

"Lakini daktari," Bi Marashi hakukubali kirahisi, "ile krimu ni nzuri. Ni ya bei."

"Nzuri kwa nani?"

Daktari akawaeleza yaliyobaki kwa lugha nyepesi. Mama Pasi aoshe uso asubuhi na jioni kwa ile sabuni laini, na akitoka kwenye mvuke asuuze kwa maji ya kawaida tu, asikimbilie sabuni kila saa, maana ngozi ikikaushwa sana hujitetea kwa kutoa mafuta zaidi. Asubuhi apake losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi, na juu yake krimu ya kukinga jua. Usiku, losheni hiyo hiyo, na mashavuni peke yake aongeze kitu kizito kidogo. Kitu kipya kijaribiwe kwanza mahali padogo, chini ya taya, na kiingie kimoja kimoja. "Mkiingiza vitano kwa pamoja," alisema, "kikitokea kipele hamtajua wa kumshitaki. Na muwe na subira. Ngozi haina haraka."

Subira ndiyo iliyokuwa ngumu. Si kwa Mama Pasi, kwa mdogo wake. Alipiga simu kila jioni: "Vipi leo? Kimepungua? Nisikuletee kitu?" Naye Mama Pasi, ambaye zamani angesema "lete," sasa alijifunza neno jipya. Mara ya kwanza alilisema kwa sauti ndogo: "Hapana, mdogo wangu, bado." Akasubiri dunia ipasuke. Haikupasuka. Upande wa pili alisikia pumzi, kisha, "Haya dada. Lala salama." Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Chunusi hazikuondoka kama wageni wanaojua muda. Ziliondoka kama wapangaji wabishi, mmoja leo, mwingine baada ya siku nyingi, na wengine waliacha alama ukutani. Kuna wiki chunusi zilirudi mbili kwa pamoja akakata tamaa, akasimama mbele ya kabati la jikoni akiangalia ndimu kwa jicho baya. Mumewe akaiwahi, akaikamulia kwenye chai. Lakini taratibu uso ulitulia. Haukuwa uso wa tangazo, na hakuutaka uwe huo. Ulikuwa uso wake, unaooshwa na kusahaulika, na hiyo ndiyo raha aliyokuwa ameikosa: kupitisha mchana kutwa bila kukumbuka kwamba ana uso.

Kwenye kona yenye taa, Bi Marashi aliweka sinki dogo mlangoni na kigoda kando yake. Mteja akiingia akisema "nataka ile anayotumia fulani," anaulizwa kwanza maswali kama yuko polisi. Uso ukikaa bila kitu unakuwaje? Unavuta au unateleza? Wapi? Unafanya kazi ya jua au ya kivulini? Wengine walichoka wakaondoka. Wengi walikaa. Walioosha waliketi wakisubiri na kupiga soga, na duka likawa na kelele za watu wenye nyuso tupu. Mara nyingi aliwauzia kidogo kuliko walichokuja kununua. "Mama, wewe huhitaji hii," Mama Pasi alimsikia siku moja akimwambia mteja, "hii ni yangu mimi." Akampa kichupa kidogo cha kujaribia, akamwonyesha chini ya taya.

Na yule aliyejifunza kusema hapana hakuishia hapo. Daktari alikuwa amemwambia pia kwamba kile chumba cha nyuma, kilichofungwa pande zote, hakimsaidii. Mama Pasi alilitafakari jambo hilo njiani siku nyingi. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda kaunta, akamkuta tajiri anasinzia.

"Tajiri, nataka dirisha."

Tajiri akafumbua jicho moja. "Dirisha la nini? La nguo gani?"

"La ukuta. Pale nyuma ya meza yangu. Mvuke hauna pa kutokea ila usoni mwangu na kichwani kwa Povu."

"Mimi sina nywele, sijali," Povu alipaza sauti kutoka nyuma, "lakini dirisha nalitaka!"

Tajiri alilalamika, akasema ukuta ni mnene, akasema atafikiria. Mama Pasi hakujibu "ahsante" wala "haya." Alisimama pale pale, ametulia, mikono juu ya kaunta, mpaka ukimya ukamchosha tajiri kuliko maneno. Wiki hiyo fundi akaja na nyundo.

Siku dirisha lilipofunguliwa, vumbi la ukuta lilikuwa bado sakafuni. Mama Pasi alilifagia, akapanga meza yake, akatandika shuka la hoteli, akabonyeza pasi. Fuu! Wingu likapanda, likasitasita kidogo kama mtu aliyeambiwa mlango uko wazi asiamini, kisha likageuka na kutoka nje. Upepo ukaingia mahali pake, pamoja na kelele za barabarani: mwanamke anabishana na mwuza sufuria, watoto wanakwenda shule, mtu anajaribu pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Mama Pasi!" Povu alilalamika. "Upepo wako unanirushia povu machoni."

"Geuka upande mwingine."

Povu akageuka. Mama Pasi akakunja shuka, akachukua jingine. Ilikuwa bado asubuhi, rundo la nguo lilimfika kiunoni, na alikuwa anaimba.